Ghala na Shule

Somo la kusomwa nyumbani na katika mikutano ya wazee wa sharika

Katika somo la mwezi huu nataka tuyatazame mambo mawili ambayo watu wengi huyatenga, kana kwamba kila moja lina njia yake: njaa na kukosa elimu. Habari za njaa tumezoea kuzipeleka kwa Bwana Shamba, na habari za elimu kwa mwalimu mkuu. Lakini mimi, katika miaka niliyofanya kazi katika nchi ya Masasi na Newala, nimeona ya kuwa mambo haya ni kamba moja yenye ncha mbili. Ukivuta upande huu, upande wa pili nao hukaza. Tena nimeona ya kuwa fundo la kamba hiyo hufungwa mwezi wa Julai, wakati ghala limejaa, ingawa sisi huliona mwezi wa Februari, wakati tumbo ni tupu. Hilo ndilo neno la somo hili, nami nitalieleza kwa taratibu.

Nianze kwa kosa langu mwenyewe. Zamani nilipokuwa mwinjilisti kijana, nilikuwa nikifundisha kipindi cha dini katika shule moja ya msingi juu ya uwanda wa Makonde. Siku moja ya Februari msichana wa darasa la nne alisinzia mbele yangu. Nikamwamsha, akasinzia tena. Nikadhani amenidharau, nikamtoa nje asimame juani mpaka kipindi kiishe. Jioni nikaenda kwao kumshitaki kwa bibi yake. Bibi yule akanitandikia mkeka, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu, mjukuu wangu hakukudharau. Bomba limekauka, leo siku ya tatu. Aliondoka kabla ya jogoo la kwanza kushuka bondeni na ndoo, na aliporudi akaja huko shuleni kwako. Jana tulikula kisamvu kitupu, na leo jiko halijawashwa." Nikamwomba bibi radhi, na mtoto nikamwomba radhi. Lakini jua lile alikuwa amekwisha kulisimamia. Siku ile mjinga aliyekuwamo darasani alikuwa mwalimu.

1. Nchi na maji yake

Mtu afikaye Newala na kusimama ukingoni, pale paitwapo Shimo la Mungu, huona bonde la Ruvuma limetandazwa chini yake, na ng'ambo yake nchi ya Msumbiji. Ni mahali pazuri mno. Lakini uzuri huo ndio shida yake, kwa maana mtu yuko juu na maji yako chini. Udongo wa juu ya uwanda ni wa kichanga. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi, wala hakuna mto utiririkao huko juu. Mtaalamu wa Kijerumani, Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alistaajabia jinsi maji yalivyokuwa mbali na makazi ya watu. Basi kwa nini wazee wetu walikaa mahali pasipo maji? Sababu moja kubwa ilikuwa usalama. Katika karne ya 19 mabonde yalikuwa njia za wateka watumwa na wavamizi. Mwaka 1882 kituo cha misheni cha Masasi, kilicho chini ya milima ya mawe upande wa magharibi wa uwanda, kilivamiwa na Wangoni, na baada ya hayo Chauncy Maples akahamishia kazi Newala. Wazee walichagua kiu wapate kuwa hai. Wavamizi wamekwisha kupita zamani, lakini kiu imebaki, nayo huwaangukia hasa wanawake na wasichana.

Juhudi zimefanyika. Katika miaka ya 1950 mitambo ya kusukuma maji kutoka bondeni hadi juu ya uwanda ilianza kazi. Toka miaka ya 1970 hata mwanzo wa miaka ya 1990 serikali ya Finland ilisaidia sana kazi za maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Na Masasi pamoja na Nachingwea wamepata maji ya chemchemi za Mbwinji. Walakini mtambo huharibika na umeme hukatika, na siku hiyo njia ya bondeni hufunguliwa tena, na anayeipita ni mtoto wa shule.

Na mvua yenyewe je? Kwa wastani wa miaka mingi nchi hii hupata kama milimita 800 hadi 1,000 kwa mwaka, kupita Dodoma kwa mbali. Lakini msimu wa mvua ni mmoja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Tena katikati yake, mwishoni mwa Januari au katika Februari, mara nyingi mvua hukatika kwa siku nyingi. Kama wakati huo mahindi yanatoa mbelewele, mavuno hupungua sana, hata kama mvua ya mwaka mzima ikihesabiwa itaonekana ya kutosha. Kwa hiyo ukame wetu ni mwizi wa majuma machache. Haukai mwaka mzima, lakini huja wakati mbaya kuliko wote.

2. Mwaka wa chakula na mwaka wa shule

Sasa chukueni kalamu, mwandike miezi kumi na miwili katika mstari mmoja. Juu ya mstari andikeni habari za chakula, na chini yake habari za shule.

Juni na Julai ni mavuno ya mahindi na mtama. Ghala hujaa, na wachuuzi hufika kijijini na mizani yao. Wakati huo bei ni ndogo, kwa sababu kila mtu ana nafaka. Hata hivyo watu huuza, maana wana madeni. Baada ya mavuno ndipo sherehe za jando na unyago hufanyika, na ngoma haichezwi na wenye njaa: chakula kingi hupikwa, wageni wakala wakashiba. Kisha, toka Oktoba hata Desemba, fedha za korosho huingia, nazo hupita upesi. Hapo Januari ghala ni tupu, shamba linataka palizi, na nafaka sokoni imepanda bei. Debe lile lile alilouza baba mwezi wa Julai, mama hulinunua mwezi wa Februari kwa bei kubwa kuliko ile aliyolipwa baba. Nafuu tutakayopata mpaka Aprili ni majani ya kunde, kisamvu, na mahindi mabichi ya kwanza.

Sasa tazameni chini ya mstari. Mwaka wa shule hufunguliwa mwezi wa Januari. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye hajapata kushika kalamu, huanza kuzifahamu herufi katika miezi ile ile ambayo nyumbani kwao hawapiki mara mbili kwa siku. Mtoto asiyeshika herufi mwezi wa Februari hatasoma maneno mwezi wa Mei, na asiyesoma maneno darasa la kwanza hataelewa kitabu darasa la tatu. Kisha tunasema, "Huyu hana akili," naye huamini hivyo, akaacha shule. Ndugu zangu, hatukumpima akili. Tulipima ghala la baba yake.

Serikali imekwisha kuondoa vizuizi vikubwa. Ada ya shule za msingi iliondolewa mwaka 2001, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi. Na Januari 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatishwa masomo kwa sababu ya uzazi ana ruhusa ya kurudi shuleni, jambo ambalo kila mwinjilisti anapaswa kuwaambia wazazi, kwa maana wako wasiolijua. Mlango, basi, u wazi. Lakini mlango ulio wazi haumbebi mtoto asiye na nguvu ya kutembea.

3. Kutokujua huzidisha njaa

Mpaka hapa tumeona jinsi njaa inavyokula shule. Sasa tuone ncha ya pili ya kamba, yaani jinsi kukosa maarifa kunavyozidisha njaa. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni muhogo. Huu ni ngome yetu wakati wa ukame, kwa maana husubiri ardhini mvua ikikatika. Lakini muhogo mchungu una sumu, na mama zetu walijua toka kale ya kuwa lazima umenywe, ulowekwe, uanikwe, ndipo usagwe. Katika njaa watu hufupisha kazi hiyo, wakala kabla sumu haijatoka. Mwenye njaa hana miiko. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa ukame, ugonjwa uitwao konzo ulitokea katika mkoa wetu wa Mtwara. Ugonjwa huu hukaza miguu ghafula, mgonjwa akashindwa kutembea vema, wala haponi. Nao huwapata hasa watoto na wanawake wa umri wa kuzaa, wale wanaokula muhogo mchungu mfululizo bila kitoweo cha nyama, samaki, au jamii ya kunde. Hata hivyo kinga yake si ya gharama. Kwanza, msifupishe siku za kuloweka na kuanika. Pili, wataalamu wamepata njia nyingine ya kuongeza usalama: unga wa muhogo ulowanishwe kwa maji, utandazwe mwembamba juu ya mkeka, ukae kivulini muda wa saa tano au juani muda wa saa mbili, kisha upikwe siku ile ile. Sumu iliyobaki hutoka na kwenda hewani. Tazameni basi: miguu ya mtoto inaweza kuokolewa kwa mkeka na saa chache, kama kuna mtu aliyemfundisha mama yake.

Mfano wa pili ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani kama 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka kusini. Kufika 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao mbali, bei kwa mkulima ilikuwa ndogo, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Nyumba zilizotegemea korosho peke yake zilianguka pamoja nayo. Ni kazi ya kituo cha utafiti cha Naliendele, karibu na Mtwara mjini, iliyowaonyesha wakulima jinsi ya kuizuia ubwiriunga kwa unga wa salfa, na kuchagua miche bora. Kituo hicho hicho kimetoa mbegu za muhogo zinazovumilia ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ambao huozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana mazima. Maarifa yaliirudisha mikorosho. Lakini mkulima asiyeweza kusoma kipimo cha dawa hufanya kazi kwa kukisia, tena hununua asichokijua.

Mfano wa tatu ni wa wakubwa, tusije tukadhani ya kuwa ujinga ni wa maskini tu. Toka 1947 hata 1951 serikali ya Uingereza ilijaribu kulima karanga kwa mashine kubwa huko Kongwa, Urambo, na kwa majirani zetu wa Nachingwea. Bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikatandikwa hata Nachingwea. Walikuja watu wenye elimu ya vyuo vikuu. Lakini hawakuupima udongo na mvua vya kutosha, wala hawakuwasikiliza wenyeji wa nchi. Ukame ukaja, ardhi ikakakamaa, mashine zikavunjika, na zaidi ya pauni milioni 36 zikapotea. Reli yenyewe iling'olewa katika miaka ya 1960. Elimu isiyopima ni bure, ijapokuwa imevaa kofia nzuri.

4. Waliotutangulia

Kazi hii si mpya. Shule za kwanza katika nchi hii zilianzishwa na ndugu zetu wa makanisa mengine, nasi tunakiri deni letu kwao. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana, mtu aliyekisoma Kiswahili kwa bidii, aliwaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha kijiji na shule. Wabenediktini walianzisha kituo cha Ndanda mwaka 1906, wakati nchi ilipokuwa imeharibiwa na vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata, kwa sababu majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala. Kazi ya mafundisho ikafanywa katikati ya watu waliofiwa na wenye njaa. Waanzilishi hawakungoja nchi ishibe kwanza.

Sisi nasi tunayo mafundisho ya kale juu ya jambo hili. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani, akawauliza kwa nini hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, njia na madaraja, wakasita kumlipa mwalimu mmoja wa watoto wao. Ningependa swali hilo lisomwe katika mikutano yetu ya wazee, ila mahali pa silaha waweke matumizi ya ngoma na arusi.

Baada ya uhuru, taifa letu lilijaribu kuziunganisha ncha mbili za kamba. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya redio iitwayo "Mtu ni Afya", na mwaka 1975, baada ya ukame uliolazimisha nchi kununua nafaka nyingi ng'ambo, ikafuata "Chakula ni Uhai". Watu wazima walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakazungumza, kisha wakaenda kutenda waliyojifunza. Mzee aliyejifunza kusoma alijifunza papo hapo habari za chakula. Mwaka uliotangulia, yaani 1974, huko Musoma, iliamuliwa kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi, nayo ikaanza kutekelezwa nchi nzima mwaka 1977.

Na mbali nasi, huko India, K. Kamaraj aliyeongoza serikali ya jimbo la Madras toka 1954 hata 1963, mtu ambaye yeye mwenyewe aliacha shule utotoni, aliona ya kuwa maskini hawatawapeleka watoto shuleni kama shuleni hakuna chakula. Akaanzisha chakula cha mchana katika shule za msingi, na wananchi wakachangia nafaka. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamuru shule za msingi za serikali zote zipike. Jambo lililoanza kwa vibaba vya majirani likawa haki ya watoto wa taifa zima.

5. Yatupasayo kufanya

Tusingoje amri. Yako mambo manne ambayo usharika mdogo unaweza kuyaanza mwaka huu.

La kwanza: tupime ghala mwezi wa Julai. Hesabu yake ni nyepesi. Tufanye ya kuwa kila mtu wa nyumba, mkubwa na mdogo kwa wastani, anahitaji gramu 400 za nafaka kwa siku. Nyumba ya watu sita itahitaji kilo 2 na gramu 400 kwa siku, na kwa siku 365 itakuwa kilo 876, yaani karibu gunia tisa za kilo 100. Baba aliyevuna gunia kumi na moja anaweza kuuza mbili. Aliyevuna saba asiuze hata moja, na muhogo wake autie katika hesabu hii kabla hajafika mchuuzi. Hesabu hii na ifanywe na mtoto wa darasa la tano mbele ya baba na mama. Mzee atakayeona mwanawe anahesabu siku za chakula cha nyumba hatauliza tena shule ina faida gani. Yusufu huko Misri (Mwanzo 41) hakuwaokoa watu kwa kufasiri ndoto peke yake. Aliweka kando sehemu ya tano ya mavuno kila mwaka wa shibe, akachagua wasimamizi, akaweka nafaka karibu na miji. Kazi yake ilikuwa ya hesabu na ya uaminifu.

La pili: tuhifadhi vema. Akiba haiozi, lakini huliwa na dumuzi. Mdudu huyu aliingia nchini karibu na mwaka 1980, nasi tulikuwa tumezoea kuhifadhi mahindi katika magunzi, jambo analolipenda sana. Mahindi yakaushwe sawasawa, yapukuchuliwe, yatiwe katika pipa lenye kifuniko kikazacho au katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Humo wadudu humaliza hewa iliyomo, wakafa bila dawa. Tena tusiuache mtama kwa kuona ni chakula cha kizamani, wala mbaazi, kunde na njugu. Mimea hii huvumilia siku kavu za Februari kuliko mahindi.

La tatu: tuwe na debe la mwanafunzi. Uji wa mtoto mmoja shuleni wahitaji kama gramu 100 za unga wa dona. Toka shule ifunguliwe Januari hata mwisho wa Machi hazizidi siku 60 za masomo. Basi mtoto mmoja ahitaji kilo 6 tu, ambazo ni kama theluthi ya debe. Debe moja latosha watoto watatu. Shule ya watoto 200 yahitaji kilo 1,200, yaani gunia 12. Kijiji cha nyumba 150 kikitoa kilo nane kila nyumba wakati wa mavuno, gunia hizo zimepatikana, tena wakati ambapo nafaka haina thamani kubwa. Wenye karanga watoe karanga za kutwanga na kutiwa katika uji. Nafaka iwekwe mahali penye funguo mbili, moja kwa mwalimu mkuu na moja kwa mzazi aliyechaguliwa, na hesabu isomwe mbele ya watu kila mwezi.

La nne: tuyakamate maji ya paa. Wengi juu ya uwanda wamechimba matangi ya saruji karibu na nyumba zao, wakapata faida. Shule ifanye vivyo hivyo. Vyumba viwili vya madarasa vyenye paa la bati la mita za mraba 120, mvua ikiwa milimita 900, hupokea lita 108,000 kwa mwaka. Tukitoa sehemu ya tano kwa maji yapoteayo, zabaki zaidi ya lita 86,000. Watoto 200 wakitumia lita mbili kila mmoja kwa siku 190 za masomo, watatumia lita 76,000. Tangi dogo lisilochukua maji yote bado litapunguza safari nyingi za bondeni. Mvua ya kwanza imwagwe, maana huosha vumbi la bati. Tangi lifunikwe imara, mtoto asitumbukie. Na maji ya kunywa yachemshwe.

6. Maneno ya kupinga

Wengine watasema, "Elimu ni bure, mbona mwatudai tena?" Nawajibu: ada imeondolewa, lakini tumbo la mtoto halikuondolewa. Hata hivyo neno lao lina onyo la kweli ndani yake. Mchango wa chakula ukigeuzwa kuwa sharti, utakuwa ada kwa jina jingine. Nimepata kusikia mahali fulani watoto ambao wazazi wao hawakutoa nafaka wakiambiwa wakae mbali wakati wenzao wanakunywa uji. Jambo hilo ni aibu kwetu sote. Mtoto wa mjane asiyevuna kitu ndiye hasa aliyetufanya tupike. Usharika na utenge sehemu yake kwa ajili ya hao, na mpishi asiwe na orodha ya waliolipa na wasiolipa. Orodha hiyo ikae kwa wazee.

Wengine watasema, "Je, tuache mila zetu, tusiwacheze watoto?" Sisemi hivyo. Lakini nasema wazi: pimeni kwanza chakula cha nyumba, kisha pigeni ngoma kwa kilichozidi, na siku za ngoma ziwekwe katika likizo, zisimtoe mtoto darasani. Tena wazee wa unyago waambiwe ya kuwa msichana akitoka humo ni mwanafunzi bado, wala hajawa mke wa mtu.

Na wengine watasema, "Mwaka huu mvua ni mbaya, tutaanza mwaka ujao." Hao ndio walioanza kuifunga kamba. Mwaka mbaya ndio unaohitaji kupimwa kuliko mwaka mwema.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika kijiji chako, ni miezi gani watoto hukosa shule zaidi? Mwombe mwalimu mkuu daftari la mahudhurio, ulinganishe na miezi ya njaa.

2. Nyumba yako ina watu wangapi? Fanya hesabu ya gunia zinazohitajika mpaka mavuno yajayo.

3. Ni nani kijijini huloweka muhogo kwa siku chache kuliko ipasavyo? Je, ni kwa uvivu, au ni kwa kukosa chakula kingine na maji? Mtamsaidiaje bila kumwaibisha?

4. Shule yenu ina paa la bati lenye ukubwa gani, na maji yake huenda wapi?

5. Ni mtoto gani wa jirani zenu aliyeacha shule mwaka huu? Nani atakwenda kwao juma hili?

Nimeliweka swali hilo la mwisho kwa sababu yangu mwenyewe. Yule msichana niliyemsimamisha juani hakumaliza darasa la saba. Bibi yake alifariki, naye akachukuliwa na jamaa zake upande wa bondeni. Na nilipouliza habari zake, nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Kila Julai nionapo magari ya wachuuzi yakishuka na magunia yetu, humkumbuka. Theluthi ya debe ingalimtosha kwa muhula ule. Mavuno yakija, ndugu zangu, kabla hamjafunga gunia la kwanza la kuuza, pimeni kwanza la mtoto.